Kosa la Karani, Adhabu ya Mrufani

Wiki iliyopita mama mdogo wangu alirudi kutoka mahakamani akiwa na swali moja: "Sasa mimi nilikosea wapi, mwanangu?" Rufani yake ya shamba, aliyoisubiri kwa miaka, ilikuwa imeondolewa bila hoja hata moja inayohusu shamba kusikilizwa, kwa sababu katika hati ya ucheleweshaji, yaani uthibitisho wa Msajili wa mahakama kuhusu siku zilizotumika kuandaa nakala za shauri, mtu fulani aliandika "Mei" mahali palipopaswa kuandikwa "Machi".

Wanaozifahamu Kanuni za Mahakama ya Rufani ya Tanzania za mwaka 2009 wameshatikisa kichwa. Notisi ya rufani, yaani taarifa ya kusudio la kukata rufani, iliwasilishwa tarehe 10 Machi, barua ya kuomba nakala za mwenendo wa shauri ikapelekwa tarehe 14 mwezi huohuo, na nakala zenyewe zikakamilika baada ya mwaka mzima na ushei. Rufani hutakiwa kufunguliwa ndani ya siku 60 tangu notisi, lakini muda huo wa kusubiri, kuanzia siku barua ilipopokewa, hauhesabiwi, mradi Msajili authibitishe kwa hati yake. Hati ikisema barua ilipokewa tarehe 14 Mei, siku 65 zinakuwa zimeshapita tangu notisi kabla kusubiri hakujaanza, na ukomo umeshavukwa. Wakili wa upande wa pili, ambaye nakala ya barua ile yenye mhuri wa mapokezi alikuwa nayo mezani, aliinuka, akaweka joho lake sawa, akaeleza kwa masikitiko makubwa kwamba rufani imekuja nje ya muda. Masikitiko hayo alitoka nayo mlangoni huku akicheka na simu.

Hati hiyo haiandikwi na mrufani. Haruhusiwi kuijaza, kuisahihisha wala kuongeza nukta. Huandaliwa ofisini, hutiwa saini na mhuri, kisha hukabidhiwa kwake kama ilivyo. Nitaambiwa kwamba wakili wake alipaswa kuikagua na kuirudisha irekebishwe kabla ya kuifunga ndani ya kumbukumbu za rufani, yaani jalada la nyaraka zinazowasilishwa mahakamani. Ni kweli, alipaswa, na nimemwambia hivyo. Hata hivyo, kati ya aliyekosea kuandika na aliyekosea kusoma, anayebeba gharama ni mtu wa tatu ambaye hakushika kalamu. Barua yenye tarehe sahihi ilikuwa humohumo, kurasa chache kabla ya hati. Ilikuwa vigumu kiasi gani kuamuru hati irekebishwe na kusikiliza shauri baadaye?

Katiba yetu, ibara ya 107A(2)(e), inazitaka mahakama kutenda haki bila ya kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki kutendeka. Mwaka 2018 Bunge likaongeza kanuni ya lengo kuu, inayotaka mashauri yaamuliwe kwa haki, haraka na kwa gharama nafuu, katika sheria inayosimamia rufani. Jibu tulilozoea ni kwamba kanuni hiyo si ufunguo wa kuvunjia masharti ya lazima, na sibishi: bila ukomo wa muda, aliyeshinda kesi hatalala usingizi. Lakini Mahakama ya Rufani yenyewe imewahi kuruhusu hati yenye dosari irekebishwe na kuletwa katika kumbukumbu za nyongeza. Kinachowezekana kwa mrufani mmoja kinakuwaje muhali kwa mwingine?

Nakiri kwamba mwaka 2023 tuliondolewa sharti la kuomba kibali cha kukata rufani katika mashauri ya madai, na huo ni mzigo mkubwa uliotuliwa. Kuhusu Kiswahili kuwa lugha ya mahakama tangu 2021, niseme tu kwamba uamuzi alioletewa mama mdogo ulihitaji mtu wa kumtafsiria.

Sasa anaanza upya, kwa maombi ya kuongezewa muda, ambamo atatakiwa kueleza kila siku aliyochelewa. Amenunua daftari la mistari na kuanza kuzipanga siku moja moja. Jana usiku alinipigia simu kuuliza kama Jumapili nazo aziandike.