Nani Amekalia Leseni?

Kazi yangu hapa Kisumu ilikuwa kutengeneza kompyuta. Siku hizi ni kuwasaka watu waliokalia leseni. Wafanyakazi wetu 20, walioko hapa mjini, Kakamega, Bungoma na Busia, huingia kupitia intaneti katika seva moja, yaani kompyuta kuu ya pamoja, iliyofungiwa katika chumba kilichokuwa stoo ya mifagio. Humo mna programu ya uhasibu yenye leseni 5 za pamoja, maana yake yeyote anaweza kuifungua mradi wasizidi watano kwa wakati mmoja. Wa sita huambiwa leseni zimekwisha, na wa sita huyo, kwa sababu azijuazo Mungu pekee, huwa ni mkubwa wetu.

"Leseni 20 nilizozilipia ziko wapi?" huuliza. Nimemweleza hadi koo likakauka kwamba zile 20 ni za kuingilia kwenye seva, moja kwa kila mtumiaji, na hazihusiani kabisa na za uhasibu. Kwa bahati mbaya Microsoft, wenye programu ya seva hiyo, huiacha huduma ya kuingilia kwa mbali ifanye kazi siku 120 kabla ya kudai leseni za kuingilia, na siku hizo zilimfundisha mkubwa kwamba vya bure vipo.

Hata hivyo, adui yangu hasa ni ile alama ya msalaba kwenye pembe ya dirisha. Mtu akiibonyeza, skrini hutoweka, naye huchukua mwavuli wake akaenda zake akiamini amefunga kazi, kumbe amekata mawasiliano tu: kikao chake, yaani kazi aliyoifungua, kingali hai ndani ya seva, ankara imeandikwa nusu, na leseni bado ameikumbatia, mithili ya mpangaji aliyeondoka na ufunguo wa choo cha pamoja, ubao wake ukining'inia mfukoni, huku wenzake wakivumilia kwenye foleni. Nampigia simu mhasibu, namkuta ufukweni Dunga mbele ya samaki mzima na ugali, naye ananijibu kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Kijana wangu, mimi nilitoka zamani!" Ofisini alitoka, hilo silikatai. Lakini katika orodha iliyo mbele yangu jina lake liko pale pale, na nikimtoa kwa nguvu, ankara ikapotea, mwenye hatia ni mimi.

Basi niliiamuru seva ikiue kila kikao kilichokatika baada ya dakika 30. Ilikuwa tarehe 8, mama wa mishahara wa Kakamega akihangaika na kodi ambayo mwisho wake ni tarehe 9, umeme ukapotea, naye akaenda kutafuta chai. Aliporudi, hakukuwa na mishahara wala kikao. Simu aliyonipigia sitaisimulia hapa, kwa kuwa watoto husoma.

Mkutano ukaitishwa. Dakika 30 zikawa saa 3, mkubwa akasamehewa asiguswe kamwe, na likaundwa kundi la WhatsApp la kuombana leseni, ambalo mpaka sasa limechangia harusi mbili na mazishi. Jana niliandika humo: "Tafadhali, mwenye leseni aiachilie." Watatu walijibu kwa picha za mikono iliyounganishwa, na mmoja akanitumia shilingi 200.