Suruali ya Mkemia Yawaka Gizani

Kwa kuwa jamaa yangu wa kitengo cha sumu keshatangaza kwenye kila grupu alilomo kwamba "nilijikojolea mbele ya mapolisi", nimeona nitoe maelezo ya mtuhumiwa mwenyewe.

Jana maabara tulitembelewa na wanafunzi wa upelelezi. Mimi ndiye niliyepangiwa kuwaonyesha taa ya UV, ule mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho, basi nikatinga suti, ile ya harusi ya Jumamosi. Nyeusi tii, haina hata doa. (Mnaoanza kucheka, tulieni, bado.)

Mezani tumetandika kanga kuukuu yenye matone ya mazoezi. Nikashusha somo: nguo ikionekana safi msiiamini. Mate, mkojo, shahawa, vikikauka mara nyingi jicho halivioni, ila ukivimulika vinang'aa. "Zima taa," nikamwambia mtu wa sumu, kwa madaha kabisa.

Giza. Nikawasha tochi ya nanomita 365.

Matone yakang'aa, wanafunzi wakaguna "aaah". Nikarudi nyuma kidogo wapate nafasi, mwanga nao ukashuka. Ile "aaah" ikakatika katikati. Nikadhani somo limewaingia. Naendelea kumwaga elimu, mara naona hakuna anayetazama kanga. Miwani yote imeelekea chini ya mkanda wangu. Nami taratibu nikainamisha kichwa.

Ndugu zanguni, buluu! Imeanzia kwenye zipu, ikateremka paja la kushoto, nyembamba, ndefu, na kingo zake zote, kama ramani ya Ziwa Tanganyika. Nikawahi kuziba kwa mkono. Mkono wenye tochi. Ziwa likazidi kuwaka.

Afande wao, mama mtu mzima, akakohoa. "Mkemia, hayo ni yapi kati ya yale matatu?"

"Tonic, afande! Ile soda ina kwinini, na kwinini inang'aa buluu!" Na ni kweli, kaimulikeni wenyewe. Kuna mtoto alipiga kumbo glasi yangu pale harusini, ikanimwagikia, ikakauka bila alama.

Sauti ikatoka gizani: "Kwa hiyo malaria imeshukia huko?"

Basi tena. Taa zikawashwa. Binti mmoja mwenye bidii akaja na pamba: eti mwalimu mwenyewe kafundisha kung'aa si ushahidi, lazima kipimo cha rangi. Nikapanguswa paja mbele ya darasa. Ingekuwa shahawa, pamba ikitiwa kemikali yake ingegeuka zambarau. Haikugeuka! Hiyo sehemu mmesimuliwa? Thubutu. Kemikali ya kupimia mkojo ndiyo ilikuwa imeisha stoo, na ndiyo maana mtu wa sumu kang'ang'ania hapo hapo.

Nyie chekeni tu. Mimi kesi yangu iko nyumbani. Mama watoto kaisikia hadithi yote, wala hakucheka. Kauliza tu hiyo tonic ilichanganywa na nini, maana Jumamosi nilimwambia nimekunywa juisi.