Shaaban Robert si tenzi tu
Ndugu mwandishi, makala yako imemsifu Shaaban Robert kwa mashairi, hadithi zake ukazipa sentensi moja. Hapo umempunja mzee wetu. Kitabu chake Kusadikika, kilichotoka 1951, kinasimulia nchi inayoelea hewani! Wajumbe wake wanatumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwemo, wakirudi na habari njema wanatupwa gerezani. Na aliyeyabuni hayo alikuwa karani wa serikali ya mkoloni, kazi aliyoianzia idara ya forodha mwaka 1926. Nadhani ndiyo maana aliipandisha nchi angani, apate kuyasema ya chini. Kufikirika nacho kilichapishwa 1967, yeye keshafariki miaka mitano. Leo nani anavisoma bila kulazimishwa na mtihani?