Shemeji Analala kwa Shifti

Jamani nimechoka, na sisemei kule kuchoka kwa kutoka kazini, kule nshakuzoea, nasemea kuchoka kwa kusinzia kikaoni mchana kweupe, bosi anakuuliza kulikoni na huna jibu la kumpa mtu mwenye akili timamu. Nimwambieje? Kwamba shemeji yangu kaingia shifti ya pili?

Ngoja niwaeleze. Kaka yake mke wangu yuko kwetu. Alikuja mara moja, na ile mara moja ya ndugu wa mke mnaijua wenyewe. Sina neno, mgeni ni mgeni. Tatizo ni kwamba kaja na usingizi wake. Amesoma sijui wapi kwamba binadamu hakuumbiwa kulala mkupuo mmoja hadi asubuhi, eti mambo yaliharibika tulipopata taa, na anamlaumu Edison na balbu yake ya 1879 kwa uchungu utadhani walidhulumiana kiwanja. Kwa hiyo ikigonga saa mbili usiku anazima taa ya sebuleni, anajinyoosha kwenye kochi, na sisi wenye nyumba tunahamia chumbani kunong'ona. Watoto wanafanyia homuweki koridoni. Halafu saa saba usiku huyo, macho makavu, ana nguvu za kuhama nyumba.

Jana ndo kavuka mpaka. Nimelala zangu, nasikia mlango wa chumbani unagongwa. Mlango ukigongwa saa nane usiku mnajua moyo unakimbilia wapi, nimeinuka nahesabu wazee wote wa ukoo ni nani alikuwa hoi. Nafungua, shemeji huyo hapo, kavaa shati la pasi na kalifunga vifungo vyote.

"Shemeji, umelala?"

Nikamjibu kwa ustaarabu kabisa kwamba nilikuwa nimelala. Akasema pole, lakini zamani Ulaya huu ndo ulikuwa muda wa watu kutembeleana. Kuna mwanahistoria wa Marekani, Roger Ekirch, kafukua kumbukumbu za mahakama, shajara za watu, mashairi, akakuta zaidi ya mara 500 wanataja usingizi wa kwanza na usingizi wa pili, na katikati kuna kama saa nzima au zaidi watu wako macho tu wanafanya mambo yao. Mambo gani? Wanasali. Nikamwambia basi kasali shemeji. Keshasali. Wanapasua kuni. Akageuka akaiangalia meza ya watoto kwa namna ambayo sikuipenda.

Mimi bado nimesimama na singlendi na heshima zangu zote za baba mwenye nyumba. Ndo akashusha sauti, ila sauti yake hata ikishuka haifiki chini, akasema kuna daktari wa Ufaransa wa karne ya 16, Laurent Joubert, yeye alishauri wanandoa wangoje mpaka baada ya usingizi wa kwanza, hapo mwili umeshapumzika, mimba zinashika na raha yenyewe inazidi. Anayasema haya mlangoni! Dada yake wa tumbo moja yuko nyuma yangu, kajivuta shuka mpaka kichwani, hapumui. Nikamwambia shemeji, ushauri ni mzuri, lakini huyo daktari nadhani alikuwa anaongelea vyumba ambavyo mlangoni hakuna mtu.

Akaondoka. Sasa nani alale tena? Nikabaki na simu gizani nasaka cha kumkomesha, nikapata. Mwaka 2015 wanasayansi walipima usingizi wa Wahadza wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wasio na umeme wala huyo Edison, wakakuta jua likizama wanakaa kama masaa matatu ndo wanalala, na wanalala mkupuo mmoja, masaa kama sita au saba hivi basi. Nikatoka mbio kumpelekea. Namkuta anakoroma. Kashaingia awamu ya pili, na lile shati kalitundika kwenye kiti vizuri.

Nikamwamsha! Nani kasema kutembeleana ni kwa upande mmoja? Kafumbua jicho moja, kasikiliza, akasema hao wako tropiki, hawaujui usiku mrefu wa baridi, na kwamba miaka ya 90 mwanzoni daktari Thomas Wehr aliwaweka watu gizani masaa 14 kila siku kwa mwezi mzima, na usingizi wao ukakatika vipande viwili wenyewe bila kulazimishwa. Nikamuuliza giza la masaa 14 tutalitoa wapi kwenye nyumba yenye watoto, TV na chaja sita zinawaka vitaa vya bluu. Hakujibu. Aliangalia tu meini swichi. Nimeamka asubuhi kitu cha kwanza nimeenda kuikagua.

Mke wangu naye anasema nimwache, kila mtu na mwili wake. Mwenzangu ofisini ananishauri nijilaze kidogo mchana, hivi ameiona ofisi yetu ilivyo ya vioo? Mtoto mdogo naye siku hizi anaamka usiku anachora na mjomba wake, mwalimu kashatuma meseji.

Na mto aliochukua ni wangu. Ule mgumu unaoshika shingo, nimeutafuta muda mrefu mpaka nikaupata, nimepewa ule mlegevu ambao ukiweka kichwa unagusa godoro. Nimeuliza kwa upole tu, nikaambiwa mgeni hapewi mto mbovu. Sasa kama tulijua ni mbovu siku zote hizo tulikuwa tunamtunzia nani?