Desemba mbili, jua lile lile

Mwezi ukiisha, tunatangaziwa wastani wa joto lake: nyuzi kadhaa juu ya kawaida, au chini yake. Basi. Mimi takwimu hiyo huiona kama hukumu iliyosomwa bila kesi kusikilizwa.

Chukua Desemba ya Uingereza. Katikati ya nchi hiyo wana kumbukumbu za joto za kila mwezi tangu 1659. Desemba 2010 wastani ulikuwa nyuzi 0.7 chini ya sifuri. Katika miaka yote hiyo, ni Desemba ya 1890 tu iliyoizidi kwa baridi. Miaka 5 baadaye, Desemba 2015, wastani ukapanda hadi nyuzi 9.7, kiwango ambacho Desemba haikuwahi kukifikia. Jua ni lile lile, na mchana ni mfupi vile vile. Kilichobadilika ni upepo ulikotoka.

Kwa kawaida pepo za magharibi huvuka Atlantiki na kuipelekea Ulaya hewa iliyopata joto la bahari. Mwaka 2010 njia hiyo iliziba. Mgandamizo mkubwa wa hewa ulipiga kambi upande wa Greenland, na mgandamizo wa aina hiyo, kaskazini mwa ikweta, huzungusha hewa kama mishale ya saa inavyokwenda. Lifuate duara hilo kwa kidole kwenye ramani: ubavu wa mashariki unateremsha hewa ya Aktiki hadi Uingereza, ubavu wa magharibi unapandisha hewa ya kusini. Ndiyo maana Waingereza walipokuwa wakikwangua barafu kwenye vioo vya magari, magharibi mwa Greenland kulikuwa na joto lisilo la kawaida. Waliotazama theluji mlangoni na kuuliza kwa kejeli ongezeko la joto duniani limekwenda wapi, walikuwa wakitazama ubavu mmoja.

Mwaka 2015 pepo za kusini-magharibi hazikuachia. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi, na huko Honister Pass, milimani kaskazini-magharibi mwa nchi, zilipimwa milimita 341.4 za mvua ndani ya saa 24 zilizoishia jioni ya tarehe 5. Mwambie aliyekuwa akizoa tope sebuleni kwamba ulikuwa "mwezi wa joto", usikie atakavyokujibu.

Ningekuwa mhariri, kando ya kila wastani ningechapa ramani ndogo ya mgandamizo wa hewa, hata kama ingekuwa na mishale 3 tu.