Shemeji, Moshi na Mnara Unaofufua Maiti

Gemu nyingi za minara hukupa kazi ya ulinzi: unajenga minara inayorusha risasi, unakaa, adui anapita anachakazwa. Anomaly: Warzone Earth, iliyotengenezwa na 11 bit studios ya Warsaw na kutoka mwaka 2011, inakugeuza kuwa huyo anayechakazwa. Minara ni ya wavamizi kutoka anga za juu, waliotua Baghdad na Tokyo. Wewe una msafara wa magari yasiyozidi sita, na msafara huo hausimami. Ukishauruhusu utembee, unatembea mpaka ufike au uishe.

Kwenye kompyuta, kamanda hayumo ndani ya gari. Anakimbia kwa miguu huku na huko, kama mtu anayefukuza basi lililomwacha, akiweka barabarani zana nne: ukarabati, moshi, chambo na shambulizi la anga. Ukarabati na moshi hufanya kazi ndani ya duara tu, na duara halifuati magari. Likiwekwa nyuma mno, gari la mwisho linatengenezwa likang'aa huku la mbele linawaka moto.

Siku moja nikiucheza, pembeni yangu alikaa shemeji. Hajawahi kuushika mchezo huu, jambo ambalo halikumpunguzia ushauri hata chembe.

Msafara niliupanga vizuri, hilo nitalitetea popote. Mbele deraya, yaani gari la kivita lenye bati nene, maana la kwanza ndilo linalopokea kipigo. Nyuma yake gari la ngao, linalokinga jirani wa mbele na wa nyuma. Kisha magari mawili ya makombora, yenye kipigo kikali na bati laini, halafu deraya jingine. Mkiani gari la ugavi, lisilo na bunduki. Kazi yake ni kutengeneza zana mpya taratibu. Kwenye ramani nikageuza mishale ya njia panda ili tuzunguke mtaa mzima na kuipiga minara mmoja mmoja.

Minara mitatu ikaanguka. Wa nne ulikuwa umesimama tu, haurushi chochote.

"Huo mpole, shem, achana nao," akasema shemeji.

Mpole! Kazi ya mnara ule ni kungoja utumie zana karibu yake. Kila ukitumia, mnara huo unafufua minara iliyokufa jirani. Dawa yake inajulikana: uupige kwanza, na mpaka uanguke usiguse zana yoyote ndani ya eneo lake.

"Shem, tia moshi! Tia moshi, tunapigwa!"

Sauti ya shemeji inapofika kiwango kile, kidole hutii kabla ya akili. Moshi ukatanda, adui akaanza kukosa shabaha, na papo hapo mnara wa kwanza tuliouua ukainuka, mzima, bila hata mkwaruzo.

"Huyo katoka wapi? Tengeneza gari, shem!"

Ukarabati ukashuka. Deraya likapona. Mnara wa pili nao ukapona.

"Piga bomu la ndege!"

Ndege zikaja, mnara mmoja ukasambaratika, mwingine ukafufuka hapo hapo. Kwa hesabu ya shemeji tulikuwa tumetoka sare.

Nikafungua ramani nibadili njia. Mchezo husimama unapotazama ramani, kwa hiyo nilikuwa na muda wote wa kutafakari. Ila mshale unasaidia gari la kwanza likiwa bado halijafika njia panda, na letu lilikuwa limeshaivuka. Tukaingia mzunguko wa pili, moja kwa moja kwa wafufuka wote.

Deraya likaenda. Magari ya makombora yakaenda, moja baada ya jingine. Deraya la pili likafuata. Yakabaki mawili, la ngao na la ugavi, yote hayana hata risasi: moja linamkinga mwenzake, mwenzake anatengeneza zana za kumfufulia adui, na yanazunguka mtaa kwa nidhamu kubwa kabisa.

Gari la ugavi likadondosha zana mpya barabarani. Moshi.

Shemeji akavuta pumzi. Kabla hajafungua mdomo, nikaurudisha mchezo pale ulipojihifadhi mara ya mwisho, na kibodi nikaihamishia upande wa pili wa meza.