Matone au sindano: uamuzi mgumu wa chanjo ya polio

Mwaka 1988, dunia ilipoazimia kutokomeza polio, ugonjwa huo ulikuwa ukipooza watoto wapatao 350,000 kila mwaka katika nchi zaidi ya 125. Leo polio ya asili inazunguka mfululizo katika nchi mbili tu, Afghanistan na Pakistan, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na matone mawili yanayodondoshwa mdomoni mwa mtoto. Hata hivyo, tangu mwaka 2017, waliopooza kila mwaka kutokana na virusi vilivyotoka kwenye matone hayohayo wamekuwa wengi kuliko waliopooza kwa virusi vya asili. Ukweli huu ndio unaowagawa wataalamu. Wapo wanaotaka matone yaachwe upesi na kila mtoto apewe chanjo ya sindano, na wapo wanaoona kwamba kuyaacha kabla ya wakati ni kuufungulia mlango ugonjwa ambao umebaki hatua chache utoweke. Kila upande una hoja nzito, na ushahidi wa miaka ya karibuni hauupi upande wowote ushindi mwepesi.

Mvutano wenyewe unatokana na tabia ya kirusi. Polio huingia kwa mdomo, huzaliana utumboni, kisha hutoka kwa kinyesi kwa wiki kadhaa. Wengi wa wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote, na kwa makadirio yanayotumiwa sana ni mtu 1 tu kati ya 200 anayepooza. Maana yake ni kwamba mtoto mmoja anapolegea mguu ghafla, kirusi kimeshapita kwa mamia ya wengine bila mtu kujua. Ndiyo sababu mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 anayelegea viungo ghafla huchukuliwa sampuli mbili za kinyesi, moja angalau saa 24 baada ya nyingine, ndani ya siku 14 tangu alipoanza kulegea. Ndiyo sababu pia maji taka ya miji mingi hupimwa hata pale ambapo hakuna mgonjwa.

Chanjo ya sindano, ambayo Jonas Salk aliibuni na ambayo matokeo ya majaribio yake yalitangazwa mwaka 1955, ina virusi vilivyouawa. Ikitengenezwa inavyopaswa haiwezi kusababisha polio, ingawa sharti hilo lilivunjwa mapema: mwaka huohuo, dozi za maabara ya Cutter nchini Marekani zilitoka zikiwa na virusi hai, watu wapatao 200 wakapooza na 10 wakafariki. Tangu usimamizi wa uzalishaji ulipokazwa, sindano imejijengea rekodi nzuri sana ya usalama. Hujenga kinga katika damu, hivyo kirusi hakifiki kwenye mishipa ya fahamu na mtoto hapoozi. Upungufu wake uko utumboni, ambako kirusi bado kinaweza kuzaliana na kutoka kwenda kwa mtoto mwingine. Matone ya Albert Sabin, yaliyoanza kutumika kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1960, yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Hupita njia ileile ya kirusi cha asili na kujenga kinga papo hapo utumboni, na mara nyingine huwafikia hata jirani na ndugu ambao hawakuchanjwa. Ni ya bei nafuu, na anayeyatoa hahitaji utaalamu wa kuchoma sindano.

Tofauti hiyo ilijionyesha wazi nchini Israel mwaka 2013. Nchi hiyo ilikuwa imetumia sindano peke yake tangu mwaka 2005, na watoto wake wengi mno walikuwa wamechanjwa. Kirusi cha polio kina aina tatu, na polio ya asili ya aina ya 1 ikaonekana kwenye maji taka ya Rahat, mji wa kusini, na baadaye sehemu nyingine, ikaendelea kuzunguka kwa miezi kadhaa. Hakuna hata mtu mmoja aliyepooza. Anayetetea sindano atasema, na atakuwa na haki, kwamba chanjo ilifanya kazi iliyokusudiwa. Anayetetea matone atajibu kwamba kirusi kilipata makao ndani ya jamii iliyochanjwa vizuri na kingeweza kusafiri kutoka humo kwenda kwa watoto wasio na kinga popote pale. Serikali yenyewe ilikubaliana na hoja ya pili: iliwaita watoto ambao tayari walikuwa na sindano waje wapewe matone, kwa ajili ya kuwakinga wengine zaidi kuliko kujikinga wao. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko wote unaowaunga mkono wanaosema sindano pekee haizimi maambukizi yanayoendelea.

Upande wa pili una ushahidi unaouma zaidi, kwa sababu ni madhara yanayoletwa na dawa iliyotolewa kwa nia njema. Mara chache sana, takriban mara 1 katika dozi milioni 2.7, matone yenyewe humpooza aliyepewa au mtu wa karibu naye. Nchini Marekani hilo lilikuwa likitokea kwa watu 8 hadi 10 kila mwaka wakati polio ya asili ilikuwa imeshatoweka huko, ndipo mwaka 2000 nchi hiyo ikahamia sindano tupu. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 2004. Sioni namna ya kuulaumu uamuzi huo: mahali ambapo hatari ya ugonjwa imekaribia sifuri, hatari ndogo ya chanjo huwa ndiyo kubwa iliyobaki.

Hatari nyingine haimhusu mtoto mmoja mmoja. Kirusi kilichodhoofishwa kikiingia mahali ambapo watoto wengi hawana kinga, hupita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule kwa miezi mingi, na katika kila hatua ya kuzaliana hufanya makosa madogo ya kunakili. Katika aina ya 2, badiliko la herufi moja tu ya kijenetiki, ile ya 481, linatosha kuondoa sehemu kubwa ya udhaifu ambao Sabin alikipa. Maabara huyasoma makosa hayo kama saa. Eneo moja la jenomu, yaani maelekezo yote ya kijenetiki ya kirusi, liitwalo VP1 lina herufi zipatazo 900, na hubadilika kwa takriban asilimia 1 kwa mwaka, yaani herufi 9 hivi. Kirusi cha aina ya 2 kikishatofautiana na kile cha kwenye chanjo kwa herufi 6 au zaidi katika eneo hilo, huhesabiwa kuwa kimetoka kwenye chanjo na kujibadilisha. Kwa aina ya 1 na ya 3 mpaka ni herufi 10. Kwa hesabu hiyo sampuli moja ya maji taka humweleza mtafiti kwamba kirusi hiki kimekuwa kikizunguka mwaka mzima bila kuonekana, na kwa hiyo kuna jamii ambayo wachanjaji hawajaifikia mwaka mzima. Mlipuko wa kwanza kutambuliwa kwa uwazi kuwa wa namna hii ulitokea Haiti na Jamhuri ya Dominika mwaka 2000, penye uchanjaji mdogo.

Hoja ya kuacha matone ilipata nafasi yake ya kupimwa mwaka 2016. Polio ya asili ya aina ya 2 ilikuwa haijaonekana tangu mwaka 1999, na Septemba 2015 ilithibitishwa kuwa imetokomezwa, ilhali sehemu kubwa ya milipuko iliyotokana na chanjo ilikuwa ya aina hiyohiyo. Kwa mantiki hiyo, kuiondoa ilikuwa sawa kabisa. Mwishoni mwa Aprili 2016, nchi na maeneo 155 yaliacha kwa pamoja, ndani ya wiki mbili, matone yenye aina tatu, na kubaki na yenye aina ya 1 na ya 3. Sindano ilitakiwa iingie kuziba pengo. Haikutosha. Watengenezaji walishindwa kuzalisha kiasi kilichoahidiwa, nchi kadhaa zikacheleweshwa, na India ikalazimika kutumia moja ya tano ya dozi kwa kuichoma ndani ya ngozi. Watoto waliozaliwa baada ya mabadiliko hayo walikua bila kinga ya utumbo dhidi ya aina ya 2. Kila mlipuko ulipozuka, ulizimwa kwa matone ya aina ya 2 pekee yaliyohifadhiwa kwa dharura, ambayo mahali yalipotolewa kwa watoto wachache mno yalipanda mbegu ya mlipuko uliofuata. Katika miaka iliyofuata zaidi ya watoto 3,000 walipooza.

Wapo wanaoyachukua matokeo hayo kuwa ushahidi kwamba matone yasingeachwa kamwe. Siafiki. Kasoro haikuwa katika wazo la kuondoa aina ya 2, kwa sababu matone yakiendelea milele, milipuko nayo itaendelea milele. Kasoro ilikuwa katika kuipanga kazi kwa tarehe, huku wilaya zilizojulikana kuwa na watoto wengi wasiochanjwa zikiingizwa katika mpango pamoja na nyingine zote, na ghala la sindano likiwa halijajaa. Wastani wa kitaifa ulichangia kuficha hali hiyo. Nchi inaweza kuripoti asilimia 90 ya watoto waliochanjwa huku wilaya moja ya mpakani ikiwa haijafikiwa kabisa, na kirusi hakihitaji zaidi ya wilaya hiyo. Mwaka 2023 zaidi ya watoto milioni 14 duniani hawakupata hata dozi ya kwanza ya chanjo za kawaida, na ni miongoni mwa watoto wa namna hiyo milipuko hii inapojificha.

Matone mapya ya aina ya 2, yaliyoruhusiwa kwa dharura Novemba 2020 na kuanza kutumika Machi 2021, yamejaribu kuutoa mjadala katika mkwamo. Jenomu ya kirusi chake ilirekebishwa ili kisirudie ukali kirahisi, na dozi zaidi ya bilioni moja zimeshatolewa. Yamethibitika kuwa thabiti zaidi, ila si kwa ukamilifu: Machi 2023 ilitangazwa kwamba virusi vilivyotokana nayo vimepooza watoto Burundi na katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Maabara imepunguza hatari, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya kumfikia mtoto.

Kuna hoja ya tatu inayojipenyeza katika mjadala huu, nayo ni kwamba ikiwa chanjo inaweza kuleta polio, basi heri kuikataa. Historia imeshaijibu. Mwaka 2003, majimbo ya kaskazini mwa Nigeria, Kano likiwa mbele, yalisitisha uchanjaji kwa sababu ya uvumi kuhusu usalama wa matone, na kufikia mwaka 2005 virusi vyenye asili ya huko vilikuwa vimefika Yemen na Indonesia. Mwaka 2022, katika kaunti ya Rockland, jimbo la New York, mtu mzima ambaye hakuwa amechanjwa alipooza kwa kirusi kilichotokana na matone ambayo Marekani iliyaacha miaka 22 kabla. Virusi vya chanjo humdhuru zaidi asiyechanjwa, na huenea zaidi pale wasiochanjwa wanapokuwa wengi. Pamoja na hayo, nawapinga vikali maofisa wanaodhani kwamba dawa ya uvumi ni kunyamaza. Mzazi ana haki ya kuambiwa kwamba matone yana hatari ndogo, kwamba baadhi ya faida yake ni ya watoto wa wengine, na kwamba sindano ipo na inafanya kazi gani. Akiyasikia hayo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mpinzani wa chanjo, hatayasikiliza tena ya mhudumu wa afya.

Swali la sasa ni lini matone ya aina ya 1 na ya 3 nayo yaachwe. Wanaotaka haraka wana haki ya kukumbusha kwamba kila mwaka wa kuchelewa una watoto wake watakaopooza. Lakini polio ya asili ya aina ya 1 bado iko hai, na Malawi na Msumbiji zilitangaza wagonjwa mwaka 2022 kutokana na kirusi chenye asili ya Pakistan. Ningekubali matone yaachwe pale tu ambapo dozi mbili za sindano, peke yake au ndani ya chanjo ya pamoja ya magonjwa sita, zitakuwa zimewafikia watoto wa wilaya iliyo nyuma kuliko zote na si wastani wa nchi, akiba ya matone yaliyorekebishwa ya aina hizo iko tayari, na maji taka ya maeneo hayo yanapimwa mfululizo. Hadi hapo, pale kirusi kinapozunguka, mtoto anahitaji vyote viwili: sindano ya kumlinda yeye, na matone ya kukizuia kirusi kisiendelee kwa mwenzake.